Kama mwili ni ganda tu, Mungu aliuvaa wa nini?

#1 Fundi wa Bwera (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite salama.

Mimi ni fundi wa pikipiki, kwetu Bwera, ukivuka daraja la Mpondwe umeshaingia Kongo. Mwezi wa pili tulimzika mzee wangu. Ni kisukari. Kilianza na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, tukakidharau, mwishowe mguu ukakatwa chini ya goti. Hospitalini wakauleta umeviringishwa katika kitambaa, wakatuuliza kama tunaondoka nao. Tuliondoka nao. Tukauzika nyuma ya nyumba kwenye migomba, mimi na mdogo wangu, usiku, kwa aibu ambayo hadi leo sijui ilikuwa ya nini.

Mzee aliishi miezi kumi na minne baada ya hapo. Mama alishatangulia, hivyo kumwogesha ikawa kazi yangu. Asubuhi beseni la maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni, kitambaa. Nilikuwa naanzia mgongoni maana hakupenda nimtazame usoni wakati namwosha. Gutu la mguu nilikuwa nalipaka mafuta ya nazi polepole. Wiki za kwanza nilipumulia mdomo. Baadaye nikazoea, na baadaye tena ikawa ndiyo saa yetu ya kuongea. Mambo mengi ya ukoo wetu nimeyajulia kwenye beseni lile.

Sasa siku ya mazishi mhubiri mmoja (simtaji, wala si wa parokia yetu, alikuja na mashemeji) akasimama kwenye jeneza, akaligonga kwa kidole, ko ko ko, akasema: msililie hili, hili ni ganda. Ndizi imeshaliwa, ganda linatupwa. Yesu alikuja kuokoa roho, mwili haumhusu. Watu wakaitikia amina.

Mimi sikuitikia. Tangu siku ile nina swali na sijapata wa kumuuliza bila kuonekana nimerudi nyuma kiimani. Kama Mungu alizitaka roho tu, si angesema nazo roho kwa roho? Mimba ya miezi tisa, kunyonya, kutahiriwa siku ya nane, njaa, kusinzia juu ya mto wa kulalia katika mashua, vyote hivyo vya nini? Na siku ya tatu mbona aliurudia mwili uleule, na makovu yake? Mtu aliyevua ganda angeliacha humo kaburini.

Ninachouliza ni hiki: Yesu alituokoa kwa kufa peke yake, au hata kule kuzaliwa kwake kulikuwa ni kuokoa?

#2 Muuza Maparachichi

Pole sana ndugu. Sina elimu ya dini, ila nimeweka kigoda hapa nasubiri.

#3 Dada wa Tukutendereza

Yesu asifiwe. Pole kaka kwa msiba, na hongera kwa lile beseni. Wengi huajiri mtu.

Nimezaliwa Kabale katika nyumba ya balokole, yaani walokole. Jjajja yangu aliokoka wakati wa uamsho wenyewe, ule wa miaka ya 1930, wa kina Simeoni Nsibambi upande wetu na wenzao wa Gahini kule Rwanda. Kwa hiyo nitakujibu kama nilivyolelewa. Mhubiri wako amekosea, lakini usimkimbie ukaangukia kosa lingine. Tukutendereza, wimbo tunaopokelea kila anayetubu, unasema habari ya omusaayi, damu. Roho haina damu. Ukitaka damu imwagike ni lazima kwanza pawepo mwili wa kuitoa. Waebrania 9:22, "pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo." Dhambi ilileta deni, mwanadamu ndiye mdaiwa, na hakuwa na cha kulipa. Mungu peke yake ndiye angeweza kulipa. Basi Mungu akawa mwanadamu ili anayedaiwa na anayeweza kulipa wawe mtu mmoja.

Kwa hiyo jibu langu: kuzaliwa ni njia, msalaba ndio mwisho wa safari. Hori la Bethlehemu bila Golgotha ni hadithi nzuri ya watoto ya mwezi wa kumi na mbili.

#4 Abu Bombo

Assalaam alaykum kwa wanaohusika, na wengine habari zenu. Fundi, Mungu amrehemu mzee. Kumhudumia mzazi hadi pumzi ya mwisho, malipo yake yako kwa aliyekuona.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, nimekaa na Wakristo maisha yangu yote, tumezikana na tumeoleana. Nisiposema ninachoamini nitakuwa mnafiki. Sisi tunasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Isa bin Maryam tunampenda, alizaliwa bila baba, tunakubali. Lakini Surat al-Maida aya ya 75 inamzungumzia yeye na mama yake, inasema wote wawili walikuwa wakila chakula. Maneno machache tu, lakini yameshiba. Anayekula huona njaa. Anayeona njaa ni mhitaji. Mungu si mhitaji. Sasa swali la Fundi naligeuza: badala ya kuuliza aliuvaa mwili wa nini, uliza kama inawezekana kabisa auvae na abaki kuwa Mungu.

Tena dada, kwetu mwenye deni anaweza kusamehewa tu. Ukinisamehe laki moja hapa Bombo huhitaji kumtoa mwanao.

#5 Fundi wa Bwera

Abu asante. Hiyo ya chakula imenigusa mahali ambapo hukukusudia, maana nilikuwa namlisha mzee kwa kijiko.

Ila nadhani tunasoma mstari mmoja kutoka pande mbili. Luka 24, baada ya kufufuka, wanafunzi wanaogopa wanadhani ni pepo, anawaambia wamshike, kisha anaomba chakula. "Wakampa kipande cha samaki wa kuokwa. Akakitwaa, akala mbele yao." Wewe unasema alikula, kwa hiyo si Mungu. Luka anasema alikula, kwa hiyo si mzuka. Sote tunakubali alikula!

#6 Dereva wa Malaba

Nipo foleni hapa mpakani, lori halisogei, basi nichangie.

Mwaka jana nililala siku mbili kwenye tope huku Karamoja. Linakuja lori kukuvuta. Kebo inafungwa kwako, halafu inafungwa kwa lile lililoko kwenye barabara kavu. Ikifungwa kwako peke yako, hakuna kitu. Ikifungwa kwa yule wa barabarani halafu ikaishia mita mbili kabla ya kukufikia, hakuna kitu pia, hata awe na injini ya treni. Na mwenzako naye akiwa kwenye tope kama wewe, mtavutana mpaka Pasaka.

Nadhani Yesu ni hivyo. Kebo imefungwa pande zote mbili. Sijui kama nimekufuru.

#7 Msomaji wa Namungoona

Dereva, hujakufuru. Umeusema Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Kalkedonia wa mwaka 451 ukiwa kwenye foleni.

Nasoma masomo kanisani kwetu Namungoona, Kampala, kwa Waorthodoksi. Wengi hushangaa kusikia kuna Waorthodoksi Waganda, hudhani ni kitu cha Wagiriki. Reuben Spartas Mukasa, aliyekuwa Mwanglikana, ndiye aliyeanza safari hiyo mwaka 1929, na mwaka 1946 tukapokelewa rasmi na Upatriarka wa Alexandria, Misri. Nautaja mji kwa makusudi, maana ugomvi wa swali lako Fundi ulianzia humo humo.

Miaka ya 310 na kitu palikuwa na padre mmoja Alexandria, Arius. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mcha Mungu na mwimbaji. Inasemekana alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, mafundisho yake yakaenea kama nyimbo za injili zinavyoenea kwenye kamunye (daladala) za Kampala, unashuka stendi unaimba kitu ambacho hukukichunguza. Wasiwasi wake ulikuwa jirani na wa Abu: Mungu hawezi kuchoka, kulia, kutokwa jasho. Kwa hiyo Mwana lazima awe chini kidogo, kiumbe cha kwanza, bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Kulikuwa na wakati, akasema, ambapo Mwana hakuwapo.

Kwenye Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, wakamkatalia. Ndiyo maana hata leo katika Kanuni ya Imani mnasema "aliyezaliwa bila kuumbwa." Maneno matatu hayo yaligharimu watu maisha yao. Shemasi mmoja kijana aliyekuwepo mtagusoni, Athanasius, baadaye akawa askofu wa Alexandria, na kwa ajili ya jambo hilo alifukuzwa mjini mara tano. Ukijumlisha, alikaa uhamishoni miaka kama 17.

Sasa sikiliza alivyojibu, maana hakuanzia kwenye deni. Alianzia kwenye ugonjwa. Mwanadamu aliumbwa kutoka katika si-kitu, akamwacha yule anayemshikilia, akaanza kuoza kurudi kwenye si-kitu. Kuoza hasa, kama kidole cha mzee. Kosa lingekuwa moja tu, toba ingetosha, anasema yeye mwenyewe. (Abu, hapa anakuunga mkono nusu.) Lakini ukimsamehe mgonjwa wa kisukari kwa kula sukari, kidonda hakifungi. Anahitaji uhai uingie palepale panapooza. Basi Neno, yaani Mwana, ambaye ndiye uhai akauchukua mwili unaoweza kufa, ili kifo kimguse na kikutane na kitu kisichokiweza.

Ana mfano wa mfalme anayeingia katika mji mkubwa na kukaa katika nyumba moja tu ya mji huo. Kwa sababu ya nyumba hiyo moja mji wote unaheshimika, na majambazi hawausogelei tena. Sisi tunaujua mfano huo bila maelezo. Kabaka, mfalme wa Buganda, akitangaziwa kulala katika kijiji fulani, barabara inachongwa, migomba inafungwa vizuri kando ya njia, wezi wa kuku wanahama. Amelala nyumba moja, lakini kijiji kizima kimetembelewa. Mwili wa Yesu ndio nyumba ile moja. Miili yetu ndiyo kijiji.

Kisha kuna Gregory wa Nazianzus, baadaye kidogo. Walitokea watu waliosema sawa, alichukua mwili, ila akili ya kibinadamu hakuwa nayo, pale palikaa Neno. Gregory akawajibu kwa kifupi: kisichotwaliwa hakikuponywa. Kama hakutwaa akili, akili zetu bado zinaumwa. Igeuze upande wa mhubiri wako: kama mwili haumhusu, basi mwili haukuponywa, na sisi tutafufuka nusu.

Kwa hiyo kwetu, ndugu Fundi, wokovu unaanza Maria anaposema "na iwe kwangu." Msalaba haupungui kitu, ila hauko peke yake.

#8 Abu Bombo

Msomaji, umeandika vizuri na sijakubali. Mfalme akiingia nyumbani habadiliki kuwa nyumba. Nyinyi mnasema Neno alifanyika mwili. Alifanyika! Nimekulia kati ya Waganda, na kwao ni wazi zaidi: Kigambo n'afuuka omubiri. Afuuka ni kugeuka, kama wale wa hadithi wanaogeuka chui usiku. Kama Mungu aligeuka, kwa siku hizo mbingu ziliendeshwa na nani?

#9 Mwalimu wa Masindi

Hapo sasa mmeingia shambani kwangu. Nafundisha Kiswahili sekondari, na tangu Baraza la Mawaziri liliposema mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima, kila mtu ananiita mwalimu hata kwenye kilabu cha pombe.

Abu ana haki ya kuuliza. Kila lugha iliyoitafsiri Yohana 1:14 imejikwaa penye kitenzi hicho. "Kufanyika" kwa Kiswahili kuna harufu ya kufanywa, mtu anauliza alifanywa na nani. Luganda kina harufu ya kugeuka. Kanuni ya Imani ya Wakatoliki kwa Kiswahili imekwepa vyote viwili, inasema "akapata mwili", hapo kidogo panapumua. Nao wazee wa Kalkedonia walijua tatizo, ndiyo maana waliweka uzio wa pande nne: asili mbili katika nafsi moja, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Ukiitazama, hawakueleza jambo linavyokuwa. Walizuia tu njia nne za kulikosea. "Bila kubadilika" ndilo jibu lao kwa chui wako. Hakuacha kuwa alichokuwa, alichukua asichokuwa nacho. Unaweza kukataa, lakini ukatae hilo, usikatae chui.

Tena kuna historia tamu hapa. Wasomi wa kwanza wa ikulu ya Kabaka, wale walioanza kufundishwa na wamisionari Waanglikana waliofika 1877 na Mapadre Weupe waliofika 1879, walianza na vitabu vya Kiswahili, maana Injili ya Luganda ilikuwa haijatoka. Kwa hiyo Uganda ilisoma habari hizi kwa Kiswahili kwanza. Leo tunaambiwa ni lugha ya askari!

Lakini nilitaka kusema jambo jingine. Maneno yetu ya wokovu yameficha jibu la Fundi, na tunayatamka kila siku bila kuyasikia.

Chukua "kupona". Mgonjwa amepona. Boti imezama Ziwa Albert, wavuvi wawili wamepona. Neno moja, ugonjwa na hatari. Kigiriki cha Injili kiko hivyo hivyo. Katika Luka 7:50 Yesu anamwambia mwanamke mwenye dhambi, "Imani yako imekuokoa." Katika Luka 8:48 anamwambia mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, "imani yako imekuponya." Katika Kigiriki ni maneno yaleyale. Mfasiri wetu ndiye aliyeamua kwamba huyu wa dhambi ameokolewa na yule wa damu ameponywa. Mwandishi hakuwatenga.

Chukua tena "mzima". Hujambo, mzima? Maana yake una afya. Samaki mzima, yaani yuko hai. Mkate mzima, haujakatwa. Sasa wafasiri walipofika kwenye kile tutakachopewa na Mungu hawakuandika maisha ya milele, waliandika uzima wa milele. Afya, uhai na kutopungukiwa kitu, vyote katika neno moja. Mhubiri aliyegonga jeneza hana hakika na msamiati wake mwenyewe.

Na kwa dada yangu wa Kabale, kwa heshima: "nimeokoka" ni kitenzi kisicho na mtendaji. Kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, nimeokoka. Nani kafanya? Haijulikani. Napenda zaidi "nimeokolewa", maana pale lazima umtaje mtu.

#10 Asiyetaka Maneno

Uzi mrefu hivi wa nini? Wokovu ni kuacha pombe na wake za watu. Tusidanganyane na Kigiriki.

#11 Muuza Maparachichi

@Asiyetaka Maneno naona imekuuma ile ya kilabu 😂

#12 Dada wa Tukutendereza

Mwalimu nimecheka, nitaipeleka kwenye ushirika wa Alhamisi hiyo ya kuokolewa. Jjajja angekujibu kwamba mtendaji hatajwi kwa sababu kila mtu chumbani anamjua.

Msomaji, nimesoma mara mbili. Nakubali zaidi ya nilivyotarajia, ila siachi msalaba uwe sehemu mojawapo tu. Waebrania 2:14 inaunganisha vyote: kwa kuwa watoto wana damu na mwili, yeye naye alishiriki yayo hayo, na inaendelea palepale, ili kwa njia ya mauti amharibu yeye aliyekuwa na nguvu za mauti. Ona mpangilio. Alishiriki ILI afe. Madaktari wakubwa wamewahi kuja, lakini huyu alikufa katika wodi ileile kwa ugonjwa usio wake.

Abu, kuhusu laki moja. Ukinisamehe laki moja, laki hiyo imekutoka wewe. Haijapotea hewani. Anayesamehe ndiye anayebeba hasara. Sisi tunasema mwana hakutolewa na mtu mwingine, ni Mungu mwenyewe aliyebeba hasara yake. Najua hatutakubaliana, lakini nisingependa udhani tunaamini katika baba mkatili.

Kisha Fundi, nimekaa na ile habari ya ganda tangu jana. Paulo naye alisimama kwenye jeneza, 1 Wakorintho 15, na hakusema ganda. Alisema mbegu. "Hupandwa katika uharibifu; hufufuliwa katika kutokuharibika." Vyote viwili vinafukiwa, lakini ganda hufukiwa lisinuke, na mbegu hufukiwa kwa sababu mtu anaingoja. Ningekuwepo ningemwambia usoni.

#13 Abu Bombo

Hiyo ya hasara nimeielewa. Sijaipokea, ila nimeielewa, na nina umri wa miaka 58, ni mara ya kwanza kuelezwa hivyo. Katika imani yangu Isa hakusulubiwa kabisa, kwa hiyo hapo njia zinaachana na hakuna ubaya.

Ila la ganda hata kwetu halipo. Maiti yetu tunaiosha kwa maji na kuisitiri, tunaiosha kama aliye hai, mkono mwepesi. Kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, ndivyo tulivyofundishwa. Aliyesema ganda hajawahi kuosha.

#14 Muuguzi wa Arua

Abu, mstari wako wa mwisho ndio ulionifanya nijiunge na jukwaa.

Nafanya kazi wodi ya wanaume. Naweza kuwajua wahubiri waliowahi kuuguza na wasiowahi, kwa dakika tano. Asiyeuguza huzungumzia mwili kama nguo. Aliyeuguza anajua kwamba mtu hayuko ndani ya mwili kama mtu aliye ndani ya teksi. Ukigusa kidonda umemgusa yeye. Ukimgeuza vibaya anaona haya yeye, si mwili wake.

Mimi ni Mkatoliki. Kila Jumapili katika Nasadiki, tukifika "Akapata mwili kwa uwezo wa Roho Mtakatifu kwake yeye Bikira Maria, akawa mwanadamu", tunainama. Krismasi na tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari, tunapiga goti kabisa. Nilifanya hivyo miaka mingi kama mazoezi ya viungo. Mwaka mmoja nilitoka zamu ya usiku, tulikuwa tumempoteza kijana, nikaenda misa ya asubuhi nikiwa bado na harufu ya dawa mikononi. Tulipopiga goti pale nilishindwa kunyanyuka. Sikuwa nimeona maono yoyote. Niliwaza tu: alikuwa na figo. Alikuwa na figo, na mapafu, na kitovu kilichokatwa na mtu. Mama mmoja alimwogesha.

Na mwisho wa ile Kanuni ya Imani fupi hatusemi uhai wa roho. Tunasema "ufufuko wa miili." Waliomwitikia mhubiri amina, bila shaka wengi wao husema maneno ya namna hiyo kila Jumapili. Hatusikilizi.

Tazama pia Nikodemo. Yesu amekwisha kufa, kazi imekwisha, kwa hesabu ya mhubiri limebaki ganda. Nikodemo anakuja na manemane na uudi yapata ratli mia. Huo ni mzigo wa kubebwa na watu wawili. Na Yohana anauandika bila kumcheka.

Kila mwezi wa sita ukikaribia naona watu wanaopita kwa miguu kwenda Namugongo kwa ajili ya tarehe 3, wengine wiki mbili njiani. Wanakwenda mahali miili ya mashahidi wa Uganda ilipochomwa mwaka 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Madhabahu ya basilika imejengwa palepale Karoli Lwanga alipoteketezwa, wakianzia miguuni. Kama ni ganda, basi tumejenga kanisa kubwa juu ya ganda, na nyayo zinapasuka bure.

#15 Dereva wa Malaba

Nimevuka. Nimeusoma uzi wote nikisubiri muhuri. Muuguzi, "alikuwa na figo" naondoka nayo mpaka Juba.

#16 Msomaji wa Namungoona

Muuguzi, katika kanisa letu picha takatifu zinabusiwa, na tukiulizwa tunabusu mbao kwa nini, jibu la Yohana wa Damasko katika karne ya 8 lilikuwa karibu na lako: siabudu maada, namwabudu Muumba wa maada, aliyekuwa maada kwa ajili yangu. Mtu akidharau ubao na rangi, ajiandae kudharau na mwili. Nilisahau kuliandika juu pale.

#17 Fundi wa Bwera

Nimechelewa kujibu, intaneti ya huku ikinyesha mvua ni dua tu.

Asanteni wote. Sitasema nimeelewa yote, hiyo ya asili mbili naiacha kwa Msomaji na Mwalimu. Nilichopata ni kwamba nilipokuwa naosha mgongo wa mzee sikuwa naosha kifungashio. Abu, hilo nimelipata kwako pia, hata kama hukulikusudia.

Sasa limetokea jambo, naomba ushauri. Tunataka kujengea kaburi saruji, na baba mdogo (ni mlokole mzee, miaka 80 na zaidi) amesema hakuna kumwaga saruji mpaka ule mguu ufukuliwe uwekwe pamoja na mwenyewe. Mashemeji wanasema ni ushirikina, Mungu siku ya ufufuo hatahangaika kutafuta mguu. Baba mdogo akawajibu kwamba anajua Mungu hatahangaika, ni yeye ndiye hataki kulala akijua kaka yake yuko mahali pawili.

#18 Abu Bombo

Kwetu kiungo kilichokatwa hufungwa kitambaa na kuzikwa kwa heshima, si lazima kiwe na mwenyewe. Lakini mzee wa miaka 80 akisema hivyo juu ya kaka yake, mimi ningetafuta jembe.

#19 Dada wa Tukutendereza

Si ushirikina kama hamtazamii mguu uwafanyie kitu. Mwiteni mchungaji wenu, msome 1 Wakorintho 15 mpaka mwisho, halafu mzike.

#20 Fundi wa Bwera

Basi ni Jumamosi. Mzee mwenyewe alikuwa akiutania, akiulizwa hali anasema yeye hajambo, mguu umetangulia. Shida iliyobaki ni moja: ilikuwa usiku, na migomba imezaana tangu hapo. Mdogo wangu anaapa ni chini ya ule ulioinamia choo. Mimi nakumbuka mwingine kabisa.